Chuma Kisicho na Mtu

Siku ile ilianzia saa nne. Asubuhi yake ilikuwa imekwisha kutumika juzi, watu wakaiamkia na kusalimiana ndani yake bila kujua kwamba ni mali ya siku nyingine, basi sasa hapakuwa na la kufanya ila kuanzia pale jua lilipofika. Sechelela hakushangaa. Katika nchi ile watu walikuwa wamekwisha choka kushangaa. Majuma mawili nyuma, au mawili mbele, mtama wa jirani ulivunwa kabla ya kupandwa, na mwenyewe akalazimika kutoka na jembe kwenda kuyapanda mavuno yake huku wenzake wanamcheka. Bibi mmoja wa bondeni alikwenda kisimani akajikuta yeye mwenyewe, mwari wa miaka kumi na tisa, anateka maji. Akamshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, yule mwanamume usikubali akuoe." Mwari akamtazama yule kizee asiyemjua, akajitwisha mtungi, akaenda zake kuolewa. Ndivyo tulivyo. Hata tukijishauri wenyewe hatusikii, sembuse tukishauriwa na watu.

Sechelela alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba, miguu ameinyoosha, malimba, kile chombo cha vyuma vinavyogongwa kwa dole gumba, mapajani, anaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya karanga. Leo Msikizi angefika. Habari zake zilikuwa zimemtangulia: anakwenda nyumba kwa nyumba na koleo ndani ya mfuko, anatafuta chuma kisicho na mtu, na akikipata anaking'oa. Na chuma hicho Sechelela alijua kiko wapi. Kilikuwa chini ya kitambaa chake, mwisho kabisa upande wa kushoto, chembamba, cha kumi na tatu katika malimba ya watu kumi na wawili. Alikiweka kwa mkono wake mwenyewe miaka ishirini na miwili iliyopita, ikiwa miaka bado ilikuwa ikihesabika.

Katika nchi ile kila chombo cha muziki kilikuwa na kazi yake, kama watu wa nyumba moja. Ngoma ilitawala. Ikilia, aliyekaa alisimama na aliyesimama alinyamaza, hata kama hakujua kwa nini. Baragumu lilitangaza vita na harusi, na kwa kuwa pembe ni pembe, lilitangaza yote mawili kwa sauti ile ile, watu wakatoka majumbani wameshika mkuki mkono huu na kuku wa zawadi mkono huu, wakajua huko huko mbele kitakachohitajika. Filimbi ilikuwa ya wachunga mbuzi, ambao kwayo waliwaambia mbuzi mambo wasiyothubutu kuwaambia wake zao. Zeze lilikuwa la wapendao wasiopendwa, nalo lilikuwa na uzi mmoja tu, maana mwenye huzuni hahitaji nyuzi mbili. Kayamba lilikaa na wagonjwa, likawapepeta taratibu mpaka homa na mtu vitengane kama pumba na mchele. Na malimba? Malimba haikutawala mtu wala haikuponya mtu. Malimba ilikuwa ya nyumba, na kazi yake ilikuwa kujua nani yupo.

Kila mtu wa nyumba alikuwa na chuma chake juu ya ubao, na katika ubao palikuwa na tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, ili sauti inapotoka itoke na mnong'ono wake. Mtu alipokufa, chuma chake hakikutolewa. Kila mwaka kilisukumwa juu kidogo, upana wa ukucha, kikafupika, na kadiri kilivyofupika ndivyo sauti yake ilivyopanda. Babu aliyezikwa na sauti ya fahali, baada ya miaka thelathini alilia kama kijana anayebaleghe, na baada ya sitini kama kitoto kichanga, mpaka siku moja chuma kikachomoka chenyewe, mtu akakiokota mkekani, kikapelekwa kwa mhunzi kifuliwe upya kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa. Kwa hiyo wafu wa nchi ile hawakuzeeka. Walikuwa wakirudi polepole kuelekea utotoni, bila haraka wala malalamiko, na malimba ya nyumba kongwe ilijaa watoto waliozidi umri wa nyumba yenyewe. Ukiipiga jioni huwezi kusema nani ametangulia na nani anafuata. Labda siku nazo zilijifunza utundu wao hapo.

Lakini mtoto hakupewa chuma siku ile aliyozaliwa. Alisubiriwa mpaka acheke. Kabla ya kucheka alikuwa mgeni: analishwa, anaogeshwa, anabebwa, ila bado hajasema kama atakaa. Kicheko cha kwanza ndicho kilikuwa jibu. Yeyote aliyekiona alitakiwa kupiga yowe hapo hapo, na wa kwanza kuitwa awe mama, hata kama yuko shamba la mbali, hata kama yuko usingizini. Kisha aliyekiona ndiye aliyetoa jina, na kabla jua halijatua chuma kilikuwa kimefuliwa na kuingizwa ubaoni. Mtoto aliyekufa kabla ya kucheka alizikwa bila ngoma. Majirani walikuja, wakakaa kidogo, wakasema, "Poleni kwa kuondokewa na mgeni." Walisema kwa upole kabisa. Walikuwa watu wema, na ndiyo maana iliuma zaidi.

Mgeni, aliwaza Sechelela, akisugua pale pale alipokwisha sugua. Miezi mitatu kasoro siku nne. Mgeni gani anayekunyonya mpaka chuchu zitoe damu? Mgeni gani anayejua harufu yako gizani? Siku tisa za homa. Siku tisa sikulala. Nikamwambia, cheka. Nikamtekenya nyayo. Nikajifanya mbuzi, nikajifanya chura, mtu mzima mimi. Cheka mara moja tu, mwanangu, kisha ufe ukitaka. Hapana, sikusema hivyo. Nilisema. Nilisema hivyo, Mungu anisamehe. Alfajiri ya siku ya kumi nikapitiwa na usingizi. Nilipoamka, jua juu, homa imepanda upya, na adhuhuri mgeni ameondoka.

Baada ya hapo hakuzaa tena. Wanawake wa rika lake wote walikuwa Mama Fulani na Mama Fulani. Yeye peke yake, nywele zimeingia mvi, aliitwa Sechelela kama msichana. Siku ya arobaini aling'oa msumari kutoka kitanda alichojifungulia, akaenda nao mtoni, akauponda juu ya jiwe siku tatu mpaka ukawa bapa. Kwa mhunzi asingeweza kwenda, mhunzi angeuliza jina. Akauingiza ubaoni mwenyewe, mwisho upande wa kushoto. Tangu siku ile hakuwahi kuugonga. Na mumewe Chibago, aliyeipiga malimba ile kila jioni ya ndoa yao, alipita juu yake kwa dole gumba kila siku asiuguse, asiulize, asigune. Sechelela akashukuru kwamba Mungu alimpa mume mpole asiyeona mbali.

Ungeweza kumcheka hapo. Maana mpigaji asiyejua kwamba pana chuma cha kumi na tatu angekigonga, siku moja tu kati ya siku zote hizo, kwa bahati mbaya. Lakini aliyefiwa haulizi maswali ya namna hiyo.

"Hodi!"

Sauti ilikuwa kubwa mno, kuku wakatawanyika. Msikizi alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, jina lake Nyanjige, kichwa amekizungushia kitambaa cheupe mara tatu kufunika masikio. Wasikizi walisafiri hivyo, wasije wakayachosha masikio yao njiani kwa mbwa na wauza vyungu. Kwa sababu hiyo walizungumza kwa kupaza sauti kama watu waliosimama ng'ambo ya mto.

Chibago alitoka ndani na kigoda. Alikuwa mzee mrefu aliyeanza kuinama, meno ya mbele yamebaki machache. "Karibu, mama. Shikamoo."

"Enh?"

"Shikamoo!"

"Marahaba. Usinipigie kelele, baba, mimi si kiziwi."

Alikaa, akaletewa togwa, akanywa mpaka chini ya kibuyu, akajipangusa mdomo. Ndipo alipoanza kufungua kitambaa, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu. Masikio yake yalikuwa madogo, ya kawaida tu, mekundu kidogo kwa joto. Alipoyatoa nje sauti yake ilishuka ikawa karibu na mnong'ono, na kila kitu uani kikashuka nayo. Hata Sechelela alijikuta anapumua kwa hadhari.

"Hii ni nyumba ya arobaini na moja," alisema Nyanjige. "Sikuja kwa ubaya. Mmeona wenyewe jinsi siku zinavyokwenda kombo. Ngoma Kuu imesema kwamba katika nyumba moja kuna chuma kinachodai mtu ambaye hakuwahi kuwepo, na siku zinazunguka zinamtafuta. Kikitolewa zitatulia. Ndivyo nilivyoambiwa."

"Na Ngoma Kuu hupigwa na nani, mama?" Chibago aliuliza.

"Unaniuliza mimi? Mimi nimetumwa na mtu aliyetumwa na mtu aliyeisikia." Alikitazama kibuyu kitupu. "Niliwahi kufika mpaka ukuta wa boma. Ilipolia, ukuta ukatikisika, nikasema moyoni, aliyemo humu ni mkubwa. Nikiwa njiani kurudi ndipo nikawaza. Ngoma ni gogo lililokombwa na ngozi ya mnyama aliyekufa. Ndani hamna kitu. Na lisingekombwa lisingelia. Basi tunasimama, tunanyamaza, tunahama, tunapigana, kwa amri ya pale pasipo na kitu."

"Na bado unatembea na koleo."

"Nina wajukuu, baba. Na kazi ni kazi." Akamgeukia Sechelela kwa huruma ya kweli. "Haya, mwanangu. Nisomee nyumba yako."

Desturi ilikuwa mke wa nyumba agonge chuma kimoja kimoja na kumtaja mwenyewe. Sechelela aliweka dole gumba kwenye cha kwanza. "Huyu ni Matika, bibi yake mume wangu. Alikuwa akitembeza chumvi." Chuma kikalia, chembamba, kimekwisha karibia utoto. "Huyu ni Ndahani, aliyekataa kuhama wakati wa njaa." Kikalia. "Huyu ni mama mkwe wangu." Hapo Msikizi alitabasamu, kwa sababu chuma kililia kwa ukali kana kwamba kimekuta uwanja haujafagiwa. Waliendelea hivyo, mtu baada ya mtu, na kila sauti ilipotoka Nyanjige alitikisa kichwa kukubali. "Huyu ni mume wangu." Sauti nzito, yenye subira. "Huyu ni mimi." Kisha Sechelela akaondoa mikono, akaiweka magotini, kama mtu aliyemaliza kula.

"Na huyu?" Msikizi aliuliza.

"Huo ni msumari, mama. Unashikilia ubao."

"Ubao umeshikiliwa na waya. Waya nauona."

Nyanjige akatoa koleo mfukoni, akaliweka mkekani bila kishindo. Akainama, akakitazama kile chuma kwa muda, akakipitishia ncha ya kidole.

"Kimekuwa humu muda mrefu," alisema. "Chuma kisichoguswa hushika kutu, hata ukipake mafuta ya dunia nzima. Hiki kinang'aa. Kimelambwa na dole gumba. Unakigonga mara ngapi?"

"Sijawahi."

"Mwanangu, nimetoka mbali."

"Naapa, mama. Sijawahi kukigonga hata mara moja." Machozi yalikuwa yamekwisha mtoka, akayaacha yatoke. "Nilikifua mwenyewe. Nilikuwa na mtoto wa kike. Hakucheka. Kila siku nataka kukigonga, na kila siku naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Naogopa nitakigonga, kilie kama msumari tu."

Msikizi alifumba macho. Katika nyumba zote arobaini hakuwa ameambiwa neno lililomwingia namna ile. Hata hivyo mkono wake ulikwenda kwenye koleo, kwa sababu mkono una mazoea yake.

"Mimi ndiye ninayekigonga," alisema Chibago.

Wanawake wote wawili walimgeukia. Alikuwa amesimama penye kivuli cha ukuta, ameshika kile kibuyu kitupu kwa mikono miwili.

"Wewe?" Sechelela aliuliza.

"Kila asubuhi, ukienda kisimani. Siku zilipovurugika nikawa nakigonga kila unapokwenda kisimani, iwe asubuhi au isiwe. Na kila mwaka nakisukuma juu, upana wa ukucha, kama inavyotakiwa. Hukuona kwamba kimefupika?"

"Nilidhani ni macho yangu."

"Hakilii kama msumari," alisema Chibago. "Nilitaka kukwambia hilo miaka mingi. Hakilii kabisa kama msumari."

"Chuma hupewa mtu aliyecheka," Msikizi alisema polepole. "Sheria unaijua, baba. Kwa nini ulikitunza kama cha mtu?"

"Kwa sababu alicheka."

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na wahenga hawakuwa na haja ya kumjua Chibago. Alikaa chini, pale pale ardhini, si kwenye mkeka, akaanza kusema bila kumtazama mtu. Yalimtoka vipande vipande.

"Alfajiri ile. Homa ilikuwa imeshuka. Nilimshika paji la uso, baridi, nikasema ahsante Mungu. Mke wangu alikuwa hapa, amelala, mdomo wazi. Siku tisa hajalala. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu amelala vile, kama nguo iliyodondoka. Mtoto akafungua macho. Akanitazama. Sikufanya kitu, mama, wallahi sikumtekenya. Nilipiga chafya tu. Nikapiga chafya, akacheka. Kifupi hivi. Nikavuta pumzi nipige yowe. Nikamwangalia mke wangu. Nikasema, muache. Muache alale kidogo. Mtoto amepona, atacheka tena, atacheka leo yote, atacheka mpaka atuchoshe. Cha kwanza kitakuwa kile atakachokisikia mama yake. Hiki changu nitakimeza. Nani atajua? Nikakimeza. Nikakaa nimembeba, nasubiri mwenzangu aamke mwenyewe. Homa ikarudi kabla hajaamka."

Alikiweka kibuyu chini.

"Kisha watu wakaja wakasema poleni kwa mgeni. Nikafungua mdomo niseme. Ningesemaje? Ningemwambia nini? Kwamba mwanao alicheka, kicheko kimoja tu alichokuwa nacho duniani, na mimi nilikuona umelala nikakutazama? Nilikipokea mimi. Hakikuwa changu. Nikasema nitamwambia akipoa. Hakupoa. Nikasema nitamwambia mwakani. Siku zikaanza kuja ovyo ovyo, nikasema labda siku ile itarudi, niipate nimwamshe. Kila nikiamka naangalia kama ndiyo. Hata jina nilimpa. Mwenye kuona ndiye mwenye kutoa jina. Nilimpa kimoyomoyo."

"Jina gani?" Msikizi aliuliza.

"Tulizo."

Mbali sana Ngoma Kuu ililia mara moja, na kwa mazoea Nyanjige alianza kuinuka, akaona wenzake hawakuinuka, akakaa tena.

"Mimi nasikia vyuma," alisema mwisho. "Sisikii miaka. Siwezi kujua kama mzee huyu anasema kweli au anamfunika mke wake ili nisiking'oe. Wanaume wema nao hudanganya, tena wao hudanganya vizuri zaidi. Shahidi ni mmoja, na wa kuitwa kwanza hakuitwa. Basi mwamuzi sitakuwa mimi." Akasukuma koleo mpaka katikati ya mkeka. "Mama mwenye mtoto ndiye atakayesema. Unamwamini?"

Sasa uone jinsi swali dogo linavyoweza kuwa na milango miwili, na kila mlango unatoza ushuru. Kama Sechelela angesema simwamini, Chibago angebaki yule yule aliyemjua, mume mpole aliyedanganya kwa kumpenda, na chuma kingeng'olewa, na mtoto angebaki mgeni milele. Kama angesema namwamini, mtoto angekuwa amekuwepo, angekuwa na jina, angekuwa amejibu, amesema ndiyo, nitakaa. Lakini hapo hapo mwanamume huyu aliyeketi mavumbini angekuwa ndiye aliyemnyang'anya kitu kimoja alichokiomba siku tisa mchana na usiku. Kwa huruma, ndiyo. Kwa upendo mtupu. Kuna wizi unaofanywa kwa upendo, na huo ndio usio na mahali pa kushtaki. Ngoma Kuu kule bomani ilikuwa na uwezo wa kusimamisha nchi nzima, lakini uwezo wa kusema huyu alikuwepo, huyu hakuwepo, ulikuwa umeachwa hapa, mkekani, mikononi mwa mwanamke mwenye mafuta ya karanga kwenye vidole, naye hakuuomba, na ulikuwa mzito kuliko gogo lolote. Alimtazama mumewe. Alitafuta uongo usoni mwake kama anavyotafutwa chawa, kwa utulivu, unywele kwa unywele. Akaona aibu ya miaka ishirini na miwili. Uongo una umri, hufifia. Ile aibu ilikuwa mbichi.

Chafya, aliwaza. Nilijifanya mbuzi. Nilijifanya chura. Na kumbe kilichotakiwa ni chafya. Mtu hawezi kutunga kitu kama hicho.

"Namwamini," alisema.

Kisha akaongeza, "Sijamsamehe. Lakini namwamini."

"Sikukuuliza la kusamehe," alisema Nyanjige. "Hilo si la Wasikizi." Alichukua koleo akalirudisha mfukoni. Akaanza kujifunga kitambaa, mzunguko mmoja, wa pili, na kabla ya wa tatu akasita. "Huko nitasema nimeisoma nyumba hii, nimekuta watu kumi na watatu. Siku zikitulia, zitulie. Zisipotulia, kuna nyumba nyingine mbele." Akafunga mzunguko wa mwisho, sauti ikarudi ukubwa wake. "Kwaherini! Kwaheri, Mama Tulizo!"

Alipaza sana. Jirani aliyekuwa akipanda mavuno yake alisimama akatazama, na mwanamke aliyepita njiani na kuni kichwani aligeuka kuona ni nani anayeitwa hivyo.

Walibaki wawili. Chibago hakuthubutu kuja mkekani. Kuku walirudi mmoja mmoja. Sechelela alikuwa ameishika malimba, na mtu angetegemea sasa atakigonga kile chuma, lakini hakukigonga. Aliiweka kando. Hasira ilikuwa imemjaa mpaka kooni, na chini ya hasira palikuwa na kitu kingine alichokuwa amekisahau jina lake, kitu kama njaa ya mtu aliyepona.

"Ulimpa jina zuri," alisema.

"Nilipata muda mwingi wa kulifikiria."

"Alichekaje?"

Chibago alitikisa kichwa. "Siwezi. Mdomo wangu huu, meno yenyewe haya. Nitakiharibu."

"Umekikalia miaka ishirini na miwili, Baba Tulizo. Huwezi kufa nacho."

Aliposikia anavyoitwa, mzee aliinamisha uso akalia kwa sauti, bila kujificha. Sechelela alimwacha alie. Alipoona kilio kimepungua, akalala chali kwenye mkeka, katikati ya mchana, jua linawaka, akafumba macho, akauacha mdomo wazi kidogo.

"Unafanya nini?" Chibago aliuliza.

"Nimelala. Siku tisa sijalala. Kaa pale ulipokuwa umekaa."

Ilimchukua muda kuelewa. Kisha alitambaa mpaka mkekani, akakaa upande wa kichwa chake, akakunja mikono kifuani kama aliyebeba kitu chepesi. Upepo ulisimama. Inawezekana ilikuwa saa saba ya siku ile, na inawezekana ilikuwa alfajiri ya siku nyingine iliyokuwa ikiitafuta nyumba ile siku zote hizo. Kwa wenye kulala yote ni mamoja. Alimtazama mke wake kwa muda, mvi zake, mdomo wake ulioachama, na safari hii hakusema muache. Alinyoosha mkono akamshika bega, akamtikisa, akamtikisa tena kwa nguvu.

"Amka," alisema. "Amka, mama. Amka haraka, mtoto anacheka."

Na Sechelela akaamka.